Kichujio Alichokifundisha Chekeche

Wasikilizaji wapendwa, Chekeche alikuwa ameshavuka lango la kiwanda cha uchapaji, mkoba begani, mama mhasibu alipomkimbilia.

"Wewe mzee! Na kapu lako la barua taka nani atalisoma?"

"Liache. Halinuki."

Akaenda zake likizo, kumuuguza mkewe. Ndiye tunayemkumbuka leo: fundi wa kompyuta wa kiwanda kile, aliyezikwa Jumamosi. Jina la Chekeche alibandikwa na wapiga chapa, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchekecha barua pepe.

Turudi nyuma kidogo. Barua taka ziliwafika shingoni pale kiwandani. Mteja anatuma oda ya kalenda, oda inazama chini ya matangazo ya dawa. Bosi akataka kichujio cha kampuni, cha kulipia. Chekeche akataka kichujio huria, programu ya bure ambayo yeyote anaweza kuifungua aone inavyofanya kazi.

"Cha bure kikiharibu, nimkamate nani shati?" bosi akauliza.

"Unikamate mimi. Cha kampuni kikitupa barua hakikwambii kwa nini. Hiki nakipasua tumbo, naona."

Bosi akakubali. Basi chaguo lilikuwa la Chekeche.

Kichujio kile hufundishwa. Unakionyesha taka, kinajifunza maneno yake, na barua yenye maneno hayo kinaitupa kwenye kapu la kompyuta. Kila asubuhi Chekeche alisoma kapu kwa sauti, kikombe cha chai mkononi. Barua halali ikiangukia humo, anaiokoa.

"Mama mhasibu, hongera, umeshinda gari!"

"Liegeshe hapo nje, baba, nikimaliza hesabu nakuja kulipanda."

Wapiga chapa hoi kwa kicheko. Kilichomkera ni yale matangazo ya dawa. Akakifundisha kichujio kwa bidii: figo, ini, haraka, nafasi. Nacho kikafundishika.

Sasa, wasikilizaji, mkewe alikuwa mgonjwa wa figo. Kaka wa mkewe alijitolea kumpa moja ya zake. Vipimo vikakubali. Ikabaki kungoja zamu ya upasuaji. Hospitali ikauliza iwaite kwa njia gani, Chekeche akatoa anwani ya barua pepe ya kazini.

"Andikeni hapa. Kwangu barua haipotei."

Hospitali iliandika akiwa likizo. Nafasi ya kupandikiza figo imepatikana, fikeni haraka. Kichujio kikaitupa kapuni, na kapu halikuwa na msomaji.

Likizo ilipokwisha alirudi mezani, akaanza kusoma kwa sauti kama kawaida. Akafika kwenye barua ile. Akasoma mstari wa kwanza. Wa pili hakuusoma.

"Nilidhani anatutania," anasema mama mhasibu. "Nikacheka."

Nafasi alishapewa mgonjwa mwingine. Waliambiwa wasubiri. Mkewe hakuiona nafasi ya pili.

Baada ya mazishi ya mke wa Chekeche, bosi alimwita muuzaji wa kichujio cha kampuni, akaja kukionyesha. Chekeche akakipitishia barua ile ile ya hospitali. Nacho kikaikataa.

"Kwa nini?"

"Hiyo ni siri ya kampuni, mzee wangu."

Cha kwake alikuwa ameshakipasua tumbo. Kilimwonyesha sababu, neno kwa neno. Figo. Haraka. Nafasi. Kila neno alikuwa amekifundisha yeye.

"Vyote vimekosea," bosi akasema. "Tuchukue kipi?"

"Hicho cha kampuni."

"Si ulisema hakikwambii kwa nini?"

"Ndiyo maana."

Akakiweka mwenyewe kwenye kompyuta siku ile ile. Kapu hakulisoma tena kwa sauti. Shemeji yake anasema: "Sikumlaumu. Nilikuwa naenda kwake, tunatazama mpira, hatuongei. Timu ikifunga, hatuongei vilevile."

Tunawapa pole watoto wake, shemeji yake na wenzake wa kiwandani. Na wewe unayetusikiliza, kichujio chako kiwe cha kununua au cha bure, lifungue leo kapu la barua taka. Tazama nani ulimfungia mlango.

Bosi amestaafu. Muuzaji alihamia kampuni nyingine. Kichujio cha kulipia kipo hadi leo, na mama mhasibu yupo dawati lile lile. Watoto wana familia zao. Chekeche kazikwa mbali na mkewe, maana safu ile ya makaburi ilishajaa. Shemeji ni mzima wa afya. Figo zake zote mbili anazo.