Mama Mashaka na Ubao wa Mita Moja

Miaka thelathini na moja na miezi minne: huo ndio muda ambao fundi wetu wa vipimo, tuliyezoea kumwita Mama Mashaka, amekuwa akisikiliza mota za pampu kabla hazijatoka kiwandani. Ijumaa hii, tarehe 30, anastaafu.

Jina hilo hakulipata bure. Hakuamini saa ya ukutani, mizani ya stoo, wala chai aliyotengenezewa na mtu mwingine. Wanawe wanasema hata ripoti zao za shule alipiga simu shuleni kuzihakikisha.

Mwaka juzi meneja alileta ubao mpya wa kusikilizia mota, wenye maikrofoni sitini, badala ya ule wa ishirini. Upana ulikuwa uleule, mita moja. Tuliambiwa skrini sasa itaonyesha kelele ya ubovu inakotoka, kwa usahihi mara tatu. Tukashangilia. Mama Mashaka akachukua tepu, akapima, akaguna kwamba ubao haujaongezeka hata kidole.

Wiki tatu baadaye nilifungua mfuniko wa nyuma, nikakuta kila maikrofoni iliyobaki imefuatwa na mbili zilizochomolewa waya. Arobaini nzima! Nikamshuku Mama Mashaka papo hapo: anaihujumu mashine isimpokonye kazi. Nikamwandikia meneja barua. Mama alikuwa amebakiza miezi kumi na tisa tu astaafu, na kamati ya nidhamu ingeweza kumfukuza.

Mbele ya kamati alitandaza picha za skrini, zilizotolewa kwa maikrofoni sitini na kwa ishirini. Hakuna aliyezitofautisha, nikiwemo mimi niliyezisifia zile za ishirini wiki zote tatu nikidhani ni za sitini. Akaeleza kwamba mvumo wa mota zetu una mawimbi marefu. Ndani ya mita moja yana machache tu ya kusema, na ukiongeza masikio yatasikia yaleyale. Anayetaka kujua zaidi apanue ubao. Tukaupanua hadi mita tatu, kwa maikrofoni zilezile sitini, na siku ya nne ukanasa beringi mbovu ambayo ubao mfupi ulikuwa umeipitisha.

Kesi ikafutwa. Hakuuliza barua iliandikwa na nani. Aliendelea kunisalimia kila asubuhi, na salamu zile zilininyima raha kuliko matusi. Sasa nasikia ni yeye mwenyewe aliyependekeza niandike wasifu huu. Wiki nzima nimejiuliza ananitegea nini. Nadhani anataka jambo moja liwe kwenye maandishi.

Kwa niaba ya karakana nzima: asante, Mama, na uishi kwa afya na raha. Kwa niaba yangu peke yangu: barua ile niliiandika mimi, na nilikosea. Nisamehe.