Kila Mtu na Bureti Yake

KARANI: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Mimi bwana, Fundi. Ina maana umefuta namba yangu?

KARANI: Niliifuta. Habari za siku?

FUNDI: Nzuri, nzuri... [mkwaruzo] Unanipata? Mtandao huku—

KARANI: Nakupata. Sema.

FUNDI: Mtihani wa maabara wa kemia kesho. Umeona tangazo? Eti hakuna tena wawili wawili, kila mtu peke yake.

KARANI: Nimeona.

FUNDI: Sasa... kupima sina shida, unanijua. Rangi ikigeuka tu, koki ya bureti nimeshafunga. Ila zile hesabu za moli... mwaka mzima umekokotoa wewe.

KARANI: Si ulinipangia? "Karani, kaa na kalamu yako."

FUNDI: Utani ule—

KARANI: Nilipovunja bureti, ule mrija wa kioo, wiki ya kwanza, nani alizunguka darasa zima akisema nina mikono ya kuvunjia kuni?

FUNDI: Tulicheka wote.

KARANI: Mlicheka nyie. Mimi nilikwenda kulia chooni. Na tangu siku hiyo kila nikisogea mezani unanisukuma.

FUNDI: Haya, na kesho utapimaje?

KARANI: Nitapima vizuri. Mama anayetunza maabara nilikuwa namsaidia kuosha vyombo jioni, naye akiniachia bureti niijaze maji, nifanye mazoezi. Nimedondosha matone mpaka mkono umetulia.

FUNDI: Basi na mimi nisaidie. Kidogo tu. Nakuja hapo hosteli.

KARANI: Sipo.

FUNDI: Mbona nasikia redio yenu—

KARANI: Nimesema sipo.

FUNDI: Dada yangu, nisamehe. Nilikukosea, kweli.

KARANI: Nimekusamehe. Kukufundisha ndiyo sitaki.

FUNDI: Nikifeli tena natolewa chuo. Hii mara ya pili—

KARANI: Najua.

FUNDI: Na huyu mwalimu naye, miaka yote watu wawili wawili, sijui nani kamtia maneno—

KARANI: Mimi.

FUNDI: [mkwaruzo] Nani?

KARANI: Mimi. Nilimfuata ofisini. Nikamwambia humu kuna wasiojua kupima na wasiojua kukokotoa, tunabebana tu. Jina lako sikulitaja.

FUNDI: Na ulijua nimebakiza mtihani huu mmoja?

KARANI: Ndiyo maana nilikwenda.

FUNDI: Karani...

KARANI: Lala mapema, Fundi. Kwaheri.

FUNDI: Ngoja, ngoja, salio linakata. Niambie hiyo moja tu. Ukishapata ujazo, unagawanya kwa ngapi? Unagawanya kwa—