Mhandisi Aliyeandikwa Fundi Nyaya

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wenzake, familia imetupa sisi ndugu zake jukumu la kuwasomea safari ya mpendwa wetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee wa Dari, kwa sababu aliyemtafuta kazini alitazama juu kwanza.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1978 katika hospitali ya serikali, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa baba fundi cherehani na mama muuguzi. Alianza shule ya msingi mwaka 1985, akamaliza 1991, akaendelea na sekondari hadi 1997, na mama yetu anasema katika miaka hiyo yote hakuna redio iliyokaa nyumbani ikiwa na skrubu zake zote. Mwaka 1999 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu stashahada ya umeme na elektroniki Novemba 2002.

Tarehe 3 Juni 2003 aliajiriwa na kampuni inayofunga mitandao ya kompyuta maofisini, akaanza kwa kuvuta nyaya juu ya dari, katikati ya vumbi na mavi ya panya, na kwenye faili lake wakaandika cheo chake, fundi nyaya. Jumamosi tarehe 11 Desemba 2004 alifunga ndoa na mwalimu wa shule ya msingi, wakajaliwa watoto watatu, waliozaliwa 2006, 2009 na 2014, ambao wote walijua kukunja waya vizuri kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Alisoma kila jioni kwenye meza ya chakula, na tarehe 22 Agosti 2009, akiwa amejaribu kwa mara ya pili, alifaulu mtihani wa kimataifa wa uhandisi wa mitandao, ambao cheti chake huisha muda kila baada ya miaka mitatu, naye akakihuisha mwaka 2012, 2015, 2018 na 2021 bila kukosa. Tangu hapo kazini alifanya kazi ya mhandisi, akapanga mitandao ya benki mbili na ya hospitali nzima, ila faili halikuguswa.

Mwaka 2010 kampuni moja ya ng'ambo ilimsaili kupitia kompyuta, juu amevaa koti na tai, chini kaptura, watoto wamefungiwa chumbani wasije wakakohoa, na wale watu wakampenda, wakataka kitu kimoja tu, barua ya mwajiri inayothibitisha kwamba yeye ni mhandisi. Alikwenda kwa meneja wake, meneja akavua miwani, akamwambia, “Mdogo wangu, nikikuandikia mhandisi leo, kesho utaondoka, na hii mitandao nitamwachia nani?” Aliporudi nyumbani marehemu alimweleza mkewe kwamba meneja hakukataa, amesema tu asubiri kidogo.

Alisubiri. Ng'ambo walimtaka tena 2013, wakamtaka 2016, wakamtaka 2019, na kila mara alifika hadi kwenye hiyo barua, akakwama hapo. Ndugu zake tulimshauri ahamie kampuni nyingine, lakini aliona kwamba akihama ataanza kuhesabu miaka ya uzoefu upya, na kila mwaka aliamini kwamba mwaka huu meneja atalainika. Wakati huohuo vijana sita aliowafundisha kwenye meza ile ya chakula walipata kazi ng'ambo, kwa kuwa waajiri wao waliwaandikia vyeo vyao halisi, na kazi ilipowashinda huko walimpigia simu yeye, naye akawaelekeza swichi ipi na waya upi, akiwa amekaa sebuleni, kwa hiyo kazi yake ilifika huko, mwenyewe hakufika.

Septemba 2022 alianza kulalamika tumbo, akatibiwa vidonda, na Januari 2023 madaktari waligundua saratani iliyokuwa imeshasambaa, akalazwa mara nne. Februari mwaka huu kampuni nyingine ya ng'ambo ilimwandikia, naye, akiwa amebaki na kilo arobaini na tatu, akamtuma mkewe kwa meneja, mwalimu wetu akakaa mapokezi siku mbili, akarudi mikono mitupu. Hata hivyo kitabu cha mtihani hakikutoka kitandani, maana cheti kilikuwa kinaisha Agosti, na mkewe alipomsihi aweke kitabu chini apumzike, alijibu, “Kikiisha muda nitaanzia chini kabisa, mama watoto.” Alifariki Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, wodi namba nne, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi hiyo, ambao hawakutuficha kitu, majirani walioleta viti, maji na mabega yao, na wafanyakazi wenzake waliopokezana kumbeba ngazi kwa ngazi lifti ya kliniki ilipokuwa mbovu. Tunawashukuru wale vijana sita, wanaotufuatilia saa hii kupitia simu iliyowekwa pale mbele. Tunaishukuru pia kampuni yake kwa barua ya rambirambi iliyoletwa jana, yenye sahihi ya meneja, inayosema imempoteza mhandisi wake mkuu wa mitandao, aliyeitumikia kwa miaka ishirini. Mjane aliisoma mara mbili, akauliza kama imegongwa muhuri, akaonyeshwa, akairudisha ndani ya bahasha.

Pumzika kwa amani, mhandisi.