Bi Mwatumu na Shibeni, Mji wa Kwenye Simu ya Reli

Baada ya miaka ishirini na tisa, tarehe 30 Juni 1996, Bi Mwatumu Idarusi, mpokezi wetu wa simu ya reli hapa Tanga, anauweka chini mkonga. Tuliokaa naye chumba kimoja bado tunajiuliza aliwezaje.

Mwaka 1983 dizeli na sukari zilikuwa za kubahatisha, na treni za kuhesabika. Wafanyakazi walishinda stesheni wakipiga miayo. Waya mmoja uliwaunganisha wote, naye juu ya waya huo akajenga mji wa kubuni, Shibeni, mji usio na foleni. Kila stesheni ikapewa nyumba na cheo. Zubeiri wa Korogwe akawa kadhi, Noa wa Muheza muuza sukari, Rafaeli wa Mnyusi mpiga mbiu wa kufungua soko. Aliyejikweza alihamishiwa kazi ya kufagia. Treni ikitajwa, mji mzima kimya, kazi ipite. Na kila asubuhi, mchezo uwepo usiwepo, sharti umjulie hali jirani yako.

Mama mmoja aliyasikia mazungumzo yao stesheni ya Korogwe, akafika dirishani na kikapu kitupu, akataka tiketi ya Shibeni akanunue sukari.

Kisha Elizabeti, mkewe Rafaeli, akafariki. Rafaeli akarudi kazini, akawa anajibu habari za treni tu, tena kwa neno moja. Tulihofu tunampoteza naye. Wengi walitaka mbiu apewe mwingine, mchezo uendelee. Bi Mwatumu alikataa katakata: bila mbiu ya Rafaeli, soko halifunguliwi. Basi Shibeni ikalala njaa. Noa hakuuza, kadhi hakuhukumu, na wiki zikapita. Kila asubuhi Bi Mwatumu alimuuliza Rafaeli, “Umeamkaje, jirani?”

Hadi asubuhi moja sauti iliyokauka ikasema, “Ee wenyeji, soko li wazi!” Stesheni zote zilishangilia kwa pamoja hata hatukusikilizana. Humu ofisini tulilia, na hatuoni haya kusema.

Biashara ilipofunguliwa nchini, sukari ilijaa madukani, lakini reli ikaanza kupunguza watu. Waliopunguzwa hawakuacha kupiga simu kutoka posta kuulizia majirani zao. Mtu kuwafunga watu hivyo kwa maneno matupu, sisi hatujaona tena.

Asante, Bi Mwatumu. Nenda nyumbani Nguvumali ukapumzike, Mungu akupe afya na siku za furaha. Ila sheria ya Shibeni uliitunga mwenyewe, na hukuweka umri wa kustaafu. Rafaeli, aliyepunguzwa mwaka jana, yupo hapa leo, na ameomba zamu ya kwanza ya kukujulia hali. Kesho asubuhi ukisikia hodi mlangoni, andaa jibu: umeamkaje, jirani?