Sista Vuguvugu Atundika Kopo

Miaka thelathini na minne ya kazi, yote katika wodi zilezile mbili, itafika tamati Ijumaa, tarehe 30 Juni, muuguzi wetu mwandamizi atakapokabidhi funguo za kabati la vifaa. Jina lake kamili limo kwenye faili la utumishi na huko limetulia. Sisi wote, kuanzia wafagizi hadi daktari mkuu, humwita Sista Vuguvugu, naye huitika.

Jina hilo lilitokana na maji. Hajapata kumpiga mtu bomba la njia ya haja kubwa kwa maji ambayo hakuyapima kwanza kwa kiwiko chake. Ya moto huunguza, ya baridi humkaba mgonjwa tumbo, alitufundisha, na utumbo wa mtu si sinki la kuzibuliwa kwa nguvu. Alitufundisha pia kwamba bomba si moja. Lipo la kusafisha, la maji na sabuni au chumvi, linaloingia na kutoka na kilichomo; hilo ni la choo kigumu, au la kumwandaa mtu kwa upasuaji. Lipo la mafuta, dogo, ambalo mgonjwa hulibana ndani ili lilainishe. Lipo na la dawa, linaloachwa mpaka mwili uinywe. Anayeyachanganya, alisema, atamtesa mgonjwa na kumwongezea dobi kazi. Basi tulijifunza: mgonjwa alale ubavu wa kushoto, magoti ayakunje, mpira wa kupitishia maji upakwe vaselini, kopo la maji lisipandishwe juu kama bendera, na tumbo likikaza usimamishe maji kwanza.

Kuliko yote, kagua choo kabla hujaanza. Amri hii ilitungwa siku tuliyompa fundi cherehani mmoja, mtu wa mwili, bomba zima la sabuni, kisha tukagundua kwamba choo pekee cha wodi kimeng'olewa na mafundi kwa matengenezo. Fundi cherehani alikata uwanja amejifunga shuka, akampita mkurugenzi aliyekuwa akitembeza wageni, akawahi choo cha madaktari. Tumbo halina itifaki. Alipona vizuri, na mpaka leo ndiye anayemshonea Sista sare.

Ule utaratibu wa kuwapiga bomba kinamama wote waliokuja kujifungua ulipofutwa, tulimtania kwamba amekosa ajira. Kumbe yeye ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Hakupenda kumfanyia mtu jambo ambalo mwili wake haukulihitaji.

Lakini mengine yote kando, siku ya baba mkwe wake lazima niisimulie. Mzee alianguka, akavunjika nyonga, akalazwa kwetu. Kwa kulala tu na kwa dawa za maumivu, choo kikafunga zaidi ya wiki. Daktari akaagiza bomba la mafuta, kisha la kusafisha. Mzee akakataa katakata. Msimamizi wa wodi, alisema, ni mke wa mwanawe. Afadhali afe na tumbo lake kuliko kuvuliwa nguo mahali anaposimamia mkamwana. Tena akaacha kula, ili pasiwe na cha kutoka. Upasuaji wa nyonga ukaahirishwa. Tulimwona anakwisha mbele ya macho yetu. Na Sista, ambaye mgonjwa mwingine yeyote angemkalia kitandani na kumbembeleza mpaka akubali, kwa huyu heshima ya ukwe ilimzuia. Aliingia stoo, akalia kati ya mashuka.

Mwishowe alinituma mimi, mwanamume, nimwambie mzee kwamba bomba nitampiga mimi, na mkwe hatakanyaga ndani ya pazia. Mzee akafikiri, akakubali. Ndani ya pazia hakukanyaga kweli. Alisimama nje yake. Nikipandisha kopo mno, anakohoa. Nikiharakisha maji, anakohoa. Nilifanya kazi kama dereva anayerudisha lori nyuma kwa kumsikiliza utingo. Kazi ilipokwisha salama na chombo kimejaa, mzee alivuta pumzi ndefu, uso umemkunjuka, kisha akaligeukia pazia na kusema kwa sauti kwamba mkwe wake sasa anaweza kwenda kutafuta dawa ya kifua. Wodi nzima iliangua kicheko. Jioni ile mzee alikunywa uji, na wiki iliyofuata akapasuliwa. Alitembea kwa mkongojo miaka mingi baadaye.

Mwaka huu miguu imegoma kabisa, na mzee hatoki kitandani. Wanawe walimtafutia mhudumu wa kiume, akamrudisha alikotoka. Akasema aletewe binti yake. Anao mabinti wawili wa kuwazaa, na wote wawili walisogea. Akatikisa kichwa, akasema anamtaka yule wa hospitali. Sista alipopashwa habari hiyo alikuwa chumba cha dawa na sisi. Aliketi, akajifuta macho kwa pindo la aproni, akaiweka kando barua aliyoletewa na mkurugenzi ya kumwongezea mkataba bila kuisaini.

Sista wetu, asante kwa subira yako, kwa ukali wako wa haki, na kwa kila mtu uliyemsitiri alipokuwa hana pa kujificha. Tutakukosa sana, na hatuoni haya kulisema. Mungu akupe afya, usingizi wa kutosha na siku zenye raha. Nenda nyumbani, baba yako anakungoja.