Nyumba Niliyoinunua Kiangazi

Wakubwa zangu, shikamooni. Wadogo zangu, nimezipokea salamu zenu. Mwenyekiti ameniomba niseme leo kwa sababu wapo wenzetu humu kikundini wanaojiandaa kuchukua mikopo ya nyumba, na mimi njia hiyo nimeipita kwa magoti.

Nimeandika kwenye karatasi, mniwie radhi. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nina mazoea ya kuandika mambo yangu. Si kwamba ni mwandishi. Nikisimulia kwa mdomo tu naongeza chumvi, halafu kesho yake naiamini ile chumvi. Kwa hiyo nitasoma, na pale nisipokuwa na hakika nitawaambia kwamba sina hakika.

Wengi mnanijua kama muuza mafuta ya alizeti pale karibu na stendi. Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba kimoja hapa Singida Mjini, mimi na binti yangu. Mama yangu yuko Mkiwa, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba kando ya barabara. Mwaka ule alizeti ilikubali. Nilivuna, nikakamua, nikauza, na kwa mara ya kwanza maishani nikashika fedha ambayo haikuwa na mwenyewe anayeingoja. Nikasema sasa nanunua nyumba.

Ndugu zangu, nisimame kidogo hapa. Sisi watu wa huku tunapata fedha lini? Baada ya mavuno. Baada ya mavuno ni kiangazi. Kwa hiyo viwanja na nyumba tunanunua kiangazi, ardhi ikiwa imekauka kama kaa la jana. Tunaikagua ikiwa imelala. Mimi sikuliona hilo, na nadhani wengi humu hatulioni, kwa sababu sote tunafanya hivyohivyo.

Nyumba niliyoipata ilikuwa upande wa ziwani. Vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati zima, na upepo mzuri. Maji ya ziwa niliyaona mbali kule, nyuma ya uwanda mweupe ambako mbuzi walikuwa wanazurura. Chini ya ukuta kulikuwa na weupe fulani kama unga. Nilidhani ni chokaa iliyopauka. Mzee aliyekuwa anauza alinifungulia kila mlango, akaniacha nitazame nitakavyo. Hakuniambia uongo hata neno moja, hilo nalisema mbele yenu. Nilimuuliza bei, nikamuuliza mipaka, nikamuuliza majirani. Yote alinijibu sawasawa. Sikumuuliza habari ya maji, naye hakuitaja.

Fedha yangu haikutosha, ikabidi niende benki. Afisa mikopo alikuwa dada mdogo, mpole, ana sauti ya chini. Akaniuliza, "Mama, hii nyumba unayonunua ina hati?"

"Haina. Ina karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa."

"Na za jirani?"

"Nazo hazina. Upande ule wote hazina."

"Basi benki haiwezi kuipokea kama dhamana. Una nyumba nyingine yenye hati?"

Nikamwambia ipo ya mama yangu, Mkiwa. Akanitazama kidogo, akasema, "Mama, kafikirie kwanza." Nikatoka pale nimenuna. Niliona ananiwekea kigingi. Leo ndiyo najua kwamba yule dada alinipa ushauri mkubwa kuliko mkopo wenyewe, na alinipa bure. Nyumba ambayo benki yenye wanasheria na wapimaji inaiogopa, mimi muuza mafuta naikimbilia nina nini?

Nikaenda Mkiwa. Mama alikuwa anapepeta mtama. Nikamweleza mpaka mwisho, hilo angalau nililifanya, sikumficha. Akaniuliza jambo moja tu.

"Wakikukosa wewe, wanakuja kwangu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wasikukose."

Akafuta mikono kwenye khanga. Alipofika benki akaweka dole gumba kwenye karatasi za dhamana.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Rejesho nililipima kwa mapato ya mwezi wa mavuno. Likaonekana dogo. Lakini alizeti huja mara moja kwa mwaka, na benki huja kila mwezi. Mwezi wa pili, watu wote wako shambani wanapalilia na mfukoni hamna kitu, nani ananunua mafuta kwa dumu? Wananunua kwa kikopo.

Masika ya kwanza mvua ilikuwa haba, na mimi nikatamba. Jirani aliponiuliza kama sioni hofu kuishi karibu na ziwa, nilimjibu, "Hofu ya nini, kwani ziwa lina miguu?" Tukacheka wote wawili. Masika ya pili likanionyesha miguu yake.

Sasa hapa sina hakika kama nitaeleza vizuri. Halikuja kwa kishindo. Mvua ilinyesha siku nyingi mfululizo, kisha ikakatika, na asubuhi moja palikuwa kimya hata jogoo hasikiki. Nilikuwa bado kitandani binti yangu alipokuja kuniita.

"Mama, njoo uone. Ndege wamehamia kwetu."

Niliposhusha miguu, ilikanyaga maji. Nikatembea hadi mlangoni. Ndugu zangu, ule uwanda mweupe haukuwepo. Lilikuwepo ziwa, limetulia kama kioo, limeanzia kwenye kizingiti changu hadi kwenye yale majabali ya ng'ambo, na majabali yamesimama mara mbili, juu na ndani ya maji. Na wale ndege wa ziwani, wenye miguu mirefu na rangi ya waridi, mamia kwa mamia, walikuwa wamesimama pale ambapo jana yake nilianika nguo. Mmoja alikuwa karibu na mlango wa choo, ameinamisha shingo anakula, hana habari na mimi.

Mnajua nilifanya nini? Sikulia. Nilisimama na maji kwenye vifundo vya miguu, nikasahau kwamba ule ni msiba wangu. Nilijiona mdogo kama punje. Nikawaza, hawa hawakuhamia kwangu. Mimi ndiye niliyehamia kwao, na walikuwa wamesafiri kidogo tu.

Kulia nililia mchana, tulipokuwa tunabeba magodoro, maji yakizidi kupanda kuelekea madirishani.

Tukarudi kupanga chumba. Nikawa nalipa kodi ya chumba na rejesho la nyumba ya ndege. Nikachelewa rejesho moja, nikachelewa la pili. Simu ya benki ikawa inaita, naigeuza uso chini mezani, kana kwamba simu isiyoonekana haiiti. Kisha akapiga mama.

"Wageni wako walikuja leo," akasema. "Vijana wawili wa benki. Wamepiga nyumba picha, mbele na nyuma."

"Mama, walisemaje?"

"Hawakusema mengi. Niliwapa maziwa. Mmoja anafanana na mjomba wako." Kisha akaniuliza, "Mwanangu, wamekukosa?"

Nilikata simu nikidanganya kwamba chaji imeisha.

Kiangazi kikarudi. Maji yakajiondokea kimyakimya kama yalivyokuja, mbuzi wakarudi kwenye uwanda. Ukuta ukakauka, ukabaki na mstari chini ya dirisha. Nikanunua chokaa nikapaka nyumba nzima, ndani na nje, ikang'aa. Nikatangaza kuuza. Ningesema niliona haya, lakini kwa kweli sikumbuki kuona haya. Nakumbuka nikiwaza nyumba ya Mkiwa tu.

Wakaja mtu na mkewe kutoka Kiomboi. Bwana ni fundi mwashi, amepata kazi hapa mjini. Mkewe alikuwa na mtoto mgongoni. Walikuwa wametoka kuuza alizeti yao, fedha wanayo, na bei niliyotaja hawakuibishia sana. Ingetosha kumaliza deni na kuikomboa hati ya mama. Bwana akawa anagonga kuta kwa vidole. Mkewe akaingia chumba cha kati, akafungua dirisha, upepo ukaingia. Akasema, si kwangu, kwa mtoto, "Hapa utalala usingizi wako wote."

Akaniuliza bei, mipaka, majirani. Nikamjibu sawasawa, kila kitu kweli tupu. Kisha nikangoja aulize habari ya maji. Hakuuliza.

Ndugu zangu, wakati ule wote, kila nilipomfikiria yule mzee aliyeniuzia, nilikuwa namtetea. Nilisema hakunidanganya, mimi ndiye sikuuliza. Sasa nimesimama palepale aliposimama yeye. Nikaona jinsi palivyo rahisi. Hakuna uongo unaotakiwa, unafunga mdomo tu, na nyumba ya mama yako inapona. Nikamwelewa kabisa, labda naye alikuwa na nyumba ya mtu ya kuponya. Na kwa mara ya kwanza nikajua pia kwamba alikosea. Yote mawili kwa pamoja. Sijui kama mtu msomi angeyatenganisha, mimi nimeshindwa hadi leo.

Yule mtoto akanyoosha mkono akagusa ukuta, chokaa ikabaki kiganjani mwake.

Nikasema, "Dada, masika maji yanafika hapa." Nikaweka mkono chini ya dirisha.

Bwana akachukua ufunguo wake, akakwangua chokaa yangu mpya, mstari ukatokea. Nikadhani atatukana. Akasema tu, "Hatununui." Wakatoka. Nami nikakaa kwenye kizingiti, nikaona nimempoteza mnunuzi, na nyumba ya Mkiwa nimeimaliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Hawakufika mbali. Yule mama alisimama karibu na choo, akageuka.

"Dada, kwani lazima nyumba iwe hapa?"

"Nyumba iko hapa, dada."

"Kiwanja ndicho kibaya. Bati lina kosa gani? Tofali zina kosa gani?" Akamgeukia mumewe. "Baba, mwambie."

Bwana akakuna kichwa. Akasema kweli, ukiacha safu za chini zilizokunywa maji, tofali ni nzima, mbao nzima, milango na nondo za madirisha vyote vizima. Hivyo vingeweza kupanguliwa vikasimama mahali pengine. "Una mahali pengine?" akaniuliza.

Nilikuwa napo. Kiwanja kitupu nyuma ya nyumba ya mama, Mkiwa, pale njiapanda ambako malori yanalala na wafanyabiashara wa vitunguu na asali wanatafuta mahali pa kulaza ubavu. Nilikuwa nakipita kila nilipokwenda kumsalimu mama, nakitazama, na sikukiona.

Kesho yake nikaenda benki mwenyewe. Yule dada wa mikopo akaweka kalamu chini. "Mama, miezi yote hii nakupigia hupokei. Leo umekuja kwa miguu yako?" Nikamweleza mpango wa kuihamishia nyumba Mkiwa na kupangisha vyumba. Wakauchunguza, wakanipangia deni upya, marejesho madogo kwa muda mrefu zaidi. Nisiwafiche, kwa jumla nimelipa zaidi kuliko mkataba wa kwanza. Haikuwa zawadi. Lakini lilikuwa rejesho ambalo ningeweza kulilipa hata mwezi wa pili.

Na nyinyi mlifanya yenu. Mliokuwepo mnakumbuka. Mlinikopesha nauli ya fuso kutoka mfuko wa kikundi, tena mkaja kugongoa tofali moja moja, wengine na watoto mgongoni. Mwenyekiti akasimama barabarani akasema, "Tumezoea kuona watu wanahama nyumba. Leo nyumba inahama watu." Fuso ikaondoka na mlango wangu juu ya mzigo umesimama wima, kana kwamba kuna mtu atabisha hodi. Nilikaa mbele na dereva. Wengine wanasema muujiza ni mlima kung'oka. Mimi niliona kuta zangu zinapita barabarani kwenda kwa mama.

Yule fundi wa Kiomboi ndiye aliyejenga. Mama alitoka kila asubuhi na kiti chake kusimamia, akimwambia fundi ukuta umepinda, na haukuwa umepinda. Vile vyumba vya wapangaji ndivyo vilivyolipa benki, mwezi baada ya mwezi. Mwaka huu wamenikabidhi hati. Nilipompelekea, mama aliishika, akaigeuzageuza, akaniambia, "Hawakukukosa." Akaenda kuangalia maziwa yasimwagike.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama, na yule dada wa benki niliyemnunia, na wale wawili wa Kiomboi ambao ningeweza kuwaangamiza wakaniokoa. Hata yule mzee aliyeniuzia, simlaani. Na nyinyi, sijui nianzie wapi.

Fundisho langu ni dogo, na huenda wenye elimu wanalo bora zaidi. Nyumba kaitazame masika kabla hujailipa kiangazi. Rejesho lipime kwa mwezi wako wa njaa. Na benki ikikataa kuishika hiyo nyumba, usikasirike, kaa chini ujiulize inaogopa nini.

Jambo la mwisho, nimalize. Zile tofali za chini tulisema tutaziacha, lakini chache zilijipenyeza kwenye mzigo. Kila masika, kule Mkiwa, mbali kabisa na ziwa, zinatoa chumvi nyeupe chini ya ukuta wa chumba cha pili, kama zinakumbuka. Sijawahi kuipaka chokaa. Mpangaji akiuliza ni nini kile, namweleza yote. Na asiyeuliza, naye namweleza.