Nguzo za Ngazi ya Mama

Katika basi dogo kutoka Tengeru, mwanamume aliyekaa mbele yangu alipakata nguzo mbili za ngazi: moja imekerezwa kwa mafundo na viuno, nyingine ya mraba mtupu. Alimwamkia shikamoo bibi aliyeketi kando yake, kisha akamwomba amchagulie, kana kwamba ni vitenge.

"Ya mraba haishiki vumbi," bibi alisema. "Mkeo atakushukuru."

"Ndiye anayeitaka. Lakini mama yangu haoni, na chumba chake kiko ghorofani. Alikuwa akishuka kwa kupapasa nguzo za zamani, alizozikereza marehemu baba kwa mninga."

"Basi mrudishie zile zile, mwanangu."

"Tulizing'oa ili nyumba ipendeze kwenye kipaimara cha binti yetu. Akina mama wa jumuiya wakadhani ni kuni, wakapikia pilau."

Kuni kavu haziulizwi asili yake. Bibi alicheka, kisha akakijutia kicheko chake. "Mninga huo! Na mama yako alikula?"

"Alikula, akawasifu wapishi. Kesho yake ndipo akaipapasa ngazi."

"Kereza nyingine za kufanana."

"Ndiyo hii ya mafundo. Ameishika, akasema ni nzuri, ila si ya mumewe. Tangu hapo hashuki."

Bibi aliipokea ile nguzo, akaizungusha polepole, akamrudishia. "Weka ya mraba," alisema kwa upole. "Hiyo haimwigi mtu."

"Na akiikataa nayo?"

Basi lilisimama sokoni Kilombero kabla bibi hajajibu. Mwanamume akashuka, mkono mmoja ukiushika mlango, nguzo zote mbili zikiwa kwapani.